Mwanangu, usisubiri Septemba

Mwanangu, marahaba. Meseji yako ya juzi niliisomea sokoni nikashindwa kujibu palepale, nikasema nikifika nyumbani nitakaa chini nikuandikie vizuri, ndo hii sasa natumia simu ya mdogo wako maana yangu kioo kimepasuka, ukiona makosa nivumilie.

Umesema "mama nasubiri kwanza nione Septemba itakuwaje, nikianza kuomba kazi saivi bosi akijua ataona sina shukrani". Nimeirudia kuisoma kama mara tatu. Mambo yenu ya data za wagonjwa mi siyajui, ila mishahara ya watu nimeandika miaka tisa kiwandani na hilo unalijua, kwa hiyo nisikilize.

Mkataba wako unaisha Septemba 30 mwaka huu wa 2025, siku ileile mwaka wa fedha wa Wamarekani unaisha, na hela ya mradi wenu inatoka kwao, kwa USAID, shirika lao la misaada. Januari 20 Trump alisaini kusimamisha misaada siku 90, mkakaa nyumbani mkarudishwa. Machi yule Rubio, waziri wao wa mambo ya nje, akatangaza asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, ya kwenu ikapona tukachinja kuku. Julai mosi USAID yenyewe imefungwa, vilivyobaki vimehamishiwa wizara yao ya mambo ya nje. Sasa mwenye nyumba kashaondoka na funguo, wewe mpangaji unasubiri barua gani?

Nikwambie ya kwangu, maana najua baba yako alikuwa anayasimulia vingine. Miaka ya tisini mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, mi nilikuwa karani wa mishahara pale Tanga, na karani wa mishahara anaona mambo kabla ya meneja kusema. Kwanza ovataimu ikakatwa. Afu chai ya saa nne ikaondolewa, tukaambiwa ni ya muda. Afu wakaja vijana wa suti wakawa wanahesabu viti, mwanangu, viti na mafeni, kila kimoja wanakibandika namba. Mzee mmoja wa stoo akaniambia bibie, ukiona wanahesabu viti ujue watu wameshahesabiwa. Yeye akaenda bandarini kuulizia, akapata, akaondoka miezi nane kabla yetu, na sisi tukamcheka kwamba ameacha kiinua mgongo chake mezani.

Mi nikabaki kusubiri kiinua mgongo. Orodha ikatoka siku ya Ijumaa, zaidi ya watu mia mbili kwa mpigo, na jina langu nimelichapa mwenyewe. Jumatatu nikaanza kuzunguka na bahasha, kila ofisi ninayoingia nakuta benchi limejaa watu wa kiwandani kwetu, mpaka mlinzi mmoja akaniuliza "na wewe umetokea kulekule?" Mji mmoja, makarani wote siku moja. Ile hela nayo ikaja baada ya mwaka na zaidi, kwa mafungu, ilipofika haikutosha hata mabati niliyoyapigia hesabu. Ndo ukanikuta na ndoo ya maandazi.

Kwa hiyo usiniambie habari ya kusubiri. Hapo Shinyanga na Mwanza mkataba ukiisha mtatoka wangapi wa fani moja, CV zinafanana, mradi uleule, tarehe ileile? Leo ukiomba wewe ni mtu aliyeko kazini anayetafuta. Oktoba utakuwa mmoja wa wale wa benchi.

Na hicho unachokiogopa kukiacha tukipige hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Wewe una minne, yaani siku 28, na ni mshahara wa msingi tu, posho zako za fildi hazimo. Tena hiyo ni kama wamekuachisha, mkataba ukifika mwisho wake wenyewe hata hizo siku 28 hazipo. Sasa mtu anaipotezea nafasi ya Agosti kwa ajili ya kitu hicho? Akitokea mwenye kazi ya uhakika akasema anza mwezi wa tisa, nenda.

Ila sikiliza vizuri hapa, kutafuta na kuacha ni vitu viwili. Barua ya kuacha usiiandike mpaka mkataba mwingine uwe umesainiwa na pande zote mbili, sio kuambiwa kwa simu "wewe umepata". Ukishaupata unatoa notisi ya siku 28, hiyo usiiruke, ondoka kwa heshima. Kwa nini usiache mapema ukapumzike kama ulivyodokeza? Kwa sababu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira, ukiwa umechangia miezi 18 na kuendelea wanakulipa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, na aliyeacha mwenyewe hapewi. Kwa mshahara wa milioni moja na laki mbili ni kama laki nne kwa mwezi, kodi ya nyumba na maziwa ya mjukuu wangu hayo. Kwa hiyo mtu wa HR, yule wa utumishi, akikuita pembeni kwa sauti ya upole kwamba "andika tu umejiuzulu ili usichafue rekodi yako", mwambie unaenda kusoma kwanza, toka nje, nipigie. Kule kwetu walisaini wengi kwa sauti hizohizo.

Kuhusu bosi, mpende tu lakini naye ana mkataba kama wako. Muombe wiki hii akubali kuandikwa kwenye CV yako kama mtu wa kuulizwa habari zako, uchukue namba yake binafsi na email yake ya nyumbani, maana ya ofisi ikifungwa utampata wapi? Mwambie tu ukweli kwamba unajiandaa, nina uhakika yeye mwenyewe CV yake ameshaituma sehemu. Maombi usitume kwa kompyuta ya kazini. Na data za wagonjwa usibebe hata mstari mmoja, hata kama ni kuonyesha unavyojua kazi.

Ukiitwa sehemu uliza bila aibu hela ya mradi inatoka wapi na inaishia lini. Usiruke majivu ukakanyaga moto, tena mgeni wa chini ya miezi 6 kazini hata kulalamika kwamba kaachishwa isivyo halali sheria haimpi nafasi.

Za serikali omba leo. Huko wana mwendo wao, tangazo, mchujo, usaili wa ana kwa ana, afu unaweza kufaulu ukawekwa kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, ukakaa miezi, na mwaka huu wa 2025 kuna uchaguzi Oktoba. Mtu anayeanza Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, siku aliyopunguzwa atakula akiba yote kabla hajaitwa.

Halafu ile topapu uliyonigusia, ya kuongeza mkopo juu ya mkopo ununue kiwanja, achana nayo. Kiwanja hakikimbii.

Nimefungua sanduku la bati, cheti chako halisi cha kuzaliwa kipo na cha form four pia, kwenye usaili wanataka vile vyenyewe sio kopi. Sitaki kuvituma kwa basi ovyo. Shemeji yako anapanda Shinyanga Alhamisi, nimemfungia kwenye faili la plastiki, atakupigia akifika stendi, usimwache asubiri juani.

Mama yako.