Risala ya Kamati ya Elimu kwa Maendeleo Endelevu kwa Mgeni Rasmi, katika Maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani Chuoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Wakuu wa Vitivo na Idara,
Wahadhiri, wafanyakazi na wanafunzi wenzetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia afya na kutukutanisha katika viwanja hivi. Tunakushukuru pia wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyo nayo, na zaidi kwa kufika mwenyewe, kwani kamati hii imewahi kusoma risala mbele ya mwakilishi wa mwakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kamati yetu iliundwa na wahadhiri na wanafunzi wachache waliovutwa na Azimio la Talloires la mwaka 1990, ambalo kwalo wakuu wa vyuo vikuu walijifunga kuingiza masuala ya mazingira na maendeleo endelevu katika ufundishaji, utafiti na uendeshaji wa vyuo vyao. Muongo wa Umoja wa Mataifa wa elimu kwa maendeleo endelevu, kuanzia 2005 hadi 2014, ulikuja ukapita. Shabaha ya 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu inataka ifikapo 2030 kila anayesoma awe amepata maarifa na stadi za kuendeleza maendeleo ya namna hiyo, na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 imeufanya uhifadhi wa mazingira na ustahimilivu wa mabadiliko ya tabianchi kuwa moja ya nguzo zake tatu. Sababu za kuwapo kwetu, kwa hiyo, zinajulikana na hatutakuchosha nazo.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumepanda miti kuzunguka mabweni, na sehemu ya kuridhisha ya miti hiyo ingali hai. Tumefanikisha kuingizwa kwa mada ya maendeleo endelevu katika somo la Taaluma za Maendeleo, ambalo husomwa na mwaka wa kwanza wote, kwa muda wa mhadhara mmoja mzima. Tumeweka mapipa ya rangi tatu ya kutenganishia taka, na wanafunzi wamejenga mazoea ya kuyatumia ipasavyo, ingawa gari linalokuja kuzoa bado halijaelezwa maana ya rangi hizo na huzichanganya taka zote kwa pamoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tunaomba utuvumilie tuingie katika jambo moja tu, ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike risala hii.

Wahadhiri wetu wameshatambua kwamba maendeleo endelevu hayawezi kuwa mada ya mhadhara mmoja, wala hayawezi kuachiwa idara inayofundisha mazingira peke yake. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wetu husikia habari za nishati safi, za taka na za tabianchi kwa miaka mitatu au minne, akazijibia mtihani, akahitimu, bila kuona mahali hata pamoja ndani ya chuo ambapo mambo hayo yanatendeka na yanaweza kupimwa. Huko ni kumfundisha mtu kuogelea ubaoni. Ndiyo maana tulipendekeza ujengwe mtambo wa bayogesi nyuma ya jiko la chuo, ambao utapika na pia utafundisha.

Mtambo tunaouomba si wa kigeni. Ni wa kuba la kujengwa ardhini kwa tofali na saruji, wa aina ambayo CAMARTEC ya Arusha, yaani Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, imekuwa ikiiendeleza tangu miaka ya 1980. Makombo ya jikoni yakichanganywa na samadi kutoka shamba la chuo na kufungiwa mahali pasipo hewa, vijidudu huyageuza kuwa gesi ambayo sehemu kubwa yake ni metani, na tope linalobaki huwa mbolea. Makombo hayohayo yakiachwa yaoze dampo, metani hiyo huenda angani, ambako huongeza joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, kwa hesabu ya miaka 100. Mwanafunzi wa kemia atajifunza hapo kwa nini ugali na wali mwingi huuchachusha mtambo hadi gesi ikakoma, na samadi kiasi gani hurudisha hali yake. Mwanafunzi wa uhandisi atapima mgandamizo, na wa uhasibu atalinganisha gharama ya mtambo na ile ya mitungi ya gesi. Wa sheria ataisoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 akiwa na kitu cha kuihusisha nacho, na wa ualimu ataandaa andalio la somo atakaloweza kulitumia popote atakapopangiwa kazi. Hata swali gumu kuliko yote, la mtambo utalishwa nini wakati wa likizo ndefu ambapo jiko halina makombo, ni swali zuri la tasnifu.

Tunaongeza, kwa unyenyekevu, kwamba Serikali imekwisha kuzielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Jiko letu limetii kwa upande wa chai na wali. Kuhusu maharage tungeomba tusiulizwe leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni masikioni mwa waliokutangulia katika kiti hicho. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi saruji na tofali zote, akashangiliwa kwa vigelegele, na kwa kumwamini tulichimba shimo kwa nguvu zetu wenyewe wiki iliyofuata. Mgeni rasmi wa mwaka jana alitushauri tuandike andiko la mradi. Tuliliandika, likarudishwa ili liandikwe kwa fomu mpya, tukaliandika kwa fomu mpya, na tangu hapo kila tunapoulizia tunajibiwa kwamba linashughulikiwa. Shimo limeshapita masika mawili. Uongozi wa chuo, kwa kujali usalama, umelizungushia utepe. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini sisi hatukuja kudai. Tunaomba tu kwamba, kama hali hairuhusu, tuambiwe hivyo ili tulifukie.

Mahitaji yenyewe ni saruji, tofali, mabomba na malipo ya fundi aliyewahi kujenga mitambo ya namna hii. Tunaomba pia mita ya gesi, vipimajoto na vipima uchachu, ambavyo hukatwa kwanza kila bajeti inapopunguzwa, ilhali bila hivyo tutakuwa na jiko tu na si darasa. Mchanganuo wa gharama umo katika bahasha utakayokabidhiwa, pamoja na nakala ya andiko kwa fomu zote mbili. Kwa Makamu Mkuu wa Chuo tunaomba nafasi ya fundi sanifu mmoja wa kuuangalia mtambo, na kifungu cha matengenezo katika bajeti ya kila mwaka, kwa kuwa mtambo usio na mwenyewe hufa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala hii utakagua mabanda ya maonyesho na kupanda mti wa kumbukumbu. Tunaomba, kwa ridhaa yako, ukaguzi huo uanzie nyuma ya jiko, na ahadi yoyote utakayopenda kuitoa uitolee hapo, mbele ya mhasibu wa chuo, ambaye tumemwomba awepo na daftari lake.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati