Baba mdogo, hiyo mashine mpya waachie mafundi waijue

Shikamoo baba mdogo. Natumai mama mdogo na wadogo zangu wote hamjambo hapo Dar, huku Stuttgart, Ujerumani, mimi mzima, baridi ndo imeanza. Nimesikiliza voisi yako kuhusu ile CNC, mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta, mnayotaka kuleta pale karakana Gerezani, na kwamba utaajiri kijana wa kompyuta akae ofisini aandike programu, halafu mafundi wawe wanafunga chuma na kubonyeza kitufe tu. Naomba nikuandikie kirefu maana hilo la kitufe limenikosesha usingizi.

Kabla sijaingia kwenye ufundi nilifanya kazi ghala moja la mizigo hukuhuku. Unavaa skana mkononi, inakwambia nenda rafu fulani, toa boksi, skani, haya nenda rafu ile, na sekunde zako supavaiza anaziona kwenye kompyuta. Kazi yenyewe wiki haiishi ushaijua yote na baada ya hapo huongezi kitu hata ukae miaka, ndo maana mtu akiondoka hakuna anayeshtuka, analetwa mwingine. Na skana haina kosa baba mdogo, ingeweza kabisa kumwonyesha mtu mzigo wake wa siku nzima akajipangia mwenyewe, aliyeamua isimwonyeshe ni menejimenti.

Haya mambo ni ya zamani. Frederick Taylor wa Marekani, na yeye alianzia kwenye ufundi wa mashine, ndo alikuja kusimama na saa anapima kazi ya fundi kipande kwa kipande, akataka kupanga na kufikiri kuhamie ofisini. Henry Ford naye 1913 akaweka mkanda wa kuunganishia magari kwenye kiwanda chake cha Highland Park, chasisi ya Model T iliyokuwa inachukua kama saa 12 na nusu ikawa saa moja na nusu hivi. Gari zikashuka bei kweli, lakini wafanyakazi walikuwa wanaacha ile kazi kila siku, Januari 1914 ikabidi atangaze dola 5 kwa siku.

Hata hizi mashine unazotaka kununua zingeweza kuja kivingine. Chuo cha MIT cha Marekani walionyesha ya kwanza 1952 kwa hela za jeshi la anga, lakini kabla ya hapo kampuni ya General Electric walishajaribu njia ambayo fundi anachonga kipande kimoja kwa mkono wake, mashine inarekodi kila anachofanya kwenye tepu, halafu inarudia yenyewe. Ujuzi unabaki kwa fundi. Haikushika, na mwanahistoria David Noble aliyeichunguza historia hiyo anasema haikuwa gharama tu, wakubwa walitaka kazi waishike wao.

Sasa mimi hapa kiwandani programu naandika mwenyewe palepale kwenye skrini ya mashine. Kusomea ukerezaji huku ni miaka mitatu na nusu, darasani na kiwandani, tumeanza na tupa na chuma mkononi kabla ya kugusa kompyuta, kwa hiyo kisu kikianza kulia nasikia, napunguza spidi, nairekebisha programu, naisevu, mwenzangu wa shifti ya usiku anaikuta imenyooka. Tena kuna baraza la wafanyakazi, na sheria ya huku ya 1972 inamtaka mwajiri akubaliane nalo kabla hajaweka kifaa cha kufuatilia utendaji wa mtu. Kule ghalani baraza hatukuwa nalo. Nchi ni ileile.

Ninachokuomba, yule mzee wako wa leth, mashine ya kukereza, anayejua bushi imekaa au haijakaa kwa kugusa tu, mkalishe mbele ya hiyo mashine pamoja na kijana wa kompyuta, wafundishane. Pasiwedi isiwe ya mtu mmoja, maana kijana akipata mshahara mzuri zaidi sehemu nyingine anaondoka na mashine ya mamilioni inakaa kama kabati. Wapange zamu, kila mmoja aandike programu ya kazi yake hata kama mwanzoni wataharibu vyuma, hiyo gharama naiona ndogo sana. Na uwaulize chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kama wana kozi ya jioni.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akuonyeshe kama programu inaandikika kwenye paneli yenyewe, unitumie picha yake WhatsApp nami nitaandaa mazoezi ya Kiswahili ya kuanzia. Nisalimie wote hapo karakana.