Nauli ya kurudi kutoka Antaktika sio ya baharia

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya watalii wanaoenda Antaktika na meli, picha za pengwini ziko poa hongera, lakini nina mawili. Kwanza hao watu hawafiki Ncha ya Kusini kama mlivyoandika, meli zinaishia kwenye rasi ya Antaktika karibu na latitudo 65 kusini, kutoka hapo hadi nchani kwenyewe ni zaidi ya kilomita 2,700. La pili ni kwamba mmemalizia kwenye barafu kana kwamba watu walibaki hukohuko, na sisi tunaofanya kazi ndani ya hizo meli kurudi ndiko tunakokujua.

Mara nyingi kituo cha mwisho ni kisiwa cha Deception, volkano iliyobomoka katikati bahari ikaingia, mchanga mweusi unafuka mvuke na pembeni kuna matangi ya mafuta ya nyangumi yaliyooza kwa kutu. Wazee wa miaka sabini wanavua nguo wanajitosa kwenye maji yale, wallahi, wanatoka wakipiga mayowe sisi tunawangoja na taulo. Hawashuki wote kwa pamoja manake sheria ni watu 100 tu nchi kavu kwa wakati mmoja, buti zinaoshwa kwa dawa, na kwa ajili ya mafua ya ndege hata kukaa chini hawaruhusiwi.

Halafu ndio mlango-bahari wa Drake. Kama kilomita 800 za maji hadi ncha ya Amerika Kusini, na upepo wa kule unazunguka dunia nzima bila nchi ya kuuzuia. Ikichafuka tunalowesha vitambaa vya meza sahani zisiteleze, mifuko ya kutapikia tunaichomeka kwenye vyuma vya korido, na ukumbi wa chakula uliojaa jana unabaki na watu wachache wanaojigamba. Abiria analala, wewe hulali, supu lazima iende kebini na matapishi lazima yafutwe hata kama na wewe kichwa kinazunguka.

Mkiingia mlango-bahari wa Beagle, kule ncha ya Amerika Kusini, maji yanatulia. Usiku mizigo inawekwa nje ya milango, asubuhi Ushuaia, bandari ya Argentina, abiria wanakumbatiana wanalia wanashuka, alasiri wengine wanapanda, katikati hapo ni mashuka yote, vyoo vyote na shehena nzima ya chakula kupakiwa. Kwa abiria imeisha, sisi tunageuka na meli, msimu ni Novemba hadi Machi na wengi kontrakti inaendelea hata baada ya hapo.

Sasa vijana wa Pwani wanaotafuta kazi hizi wasikize. Kontrakti ikiisha tiketi ya kukutoa Ushuaia mpaka Mombasa analipa mwenye meli. Iko kwenye mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 ambao Kenya imeridhia, haruhusiwi kukudai pesa ya kurudi unapoanza kazi wala kukukata mshahara kwa hiyo nauli, labda uwe umefanya kosa kubwa kazini. Ajenti naye haruhusiwi kukutoza ada ya kukutafutia kazi, unachoweza kulipia wewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Lakini hapa mtaani kuna kijana aliambiwa atoe dipoziti ya tiketi ya kurudi, mamake akauza friji ya biashara ya maji na juisi, ajenti mpaka leo simu hashiki na meli yenyewe haijulikani jina.

Mkitajiwa dipoziti ya kurudi ombeni kuona kontrakti na jina la meli kabla ya kutoa hata shilingi. Na nyinyi wahariri, mkiandika tena habari za pengwini wekeni hayo pembeni, hata kwa maandishi madogo.

Baharia,
Likoni, Mombasa