Salma, lile daftari la bluu bado unalo?

Mpenzi Salma,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote hapa. Sisi hatujambo, mama anaendelea vizuri, goti tu ndilo linamsumbua asubuhi. Natumaini nanyi ni wazima, na kwamba Kassim ameacha ile tabia ya kuleta ubishi wa mpira wakati chakula kinapoa. Samahani kwa kimya. Unajua kimeanzia wapi: kwenye ule ujumbe wako wa sauti wa dakika nne. Niliusikiliza nimesimama, nikaurudia nimekaa, na sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na nilijua nikijibu siku ile nitasema maneno nisiyoweza kuyarudisha.

Nakukumbusha ulichosema. Ulisema hasira zetu hazijawahi kumfunga mtu. Mtu maarufu anaachiwa, sisi tunapiga kelele wiki mbili, wiki ya tatu tunacheza nyimbo zake harusini. Hilo la harusini lilinichoma kwa kuwa nilikuwepo, na nilicheza.

Leo nakuandikia kwa ajili ya Zuhura. Nitafika huko. Niache nizunguke kidogo kwanza, maana jambo lenyewe ni zito kuanza nalo.

Ubishi wetu ulikuwa wa Bill Cosby, yule mchekeshaji wa Marekani aliyetuhumiwa kuwalevya wanawake na kuwadhalilisha, sivyo? Nimeisoma upya habari ya uamuzi ule wa kumwachia, wa tarehe 30 Juni 2021, safari hii polepole, na yako mambo ninayokubaliana nawe. Mwaka 2005 mwendesha mashtaka wa wilaya kule Pennsylvania alitangaza kwamba hatamshtaki. Kwa kutegemea hilo, Cosby akakaa akajibu maswali chini ya kiapo katika kesi ya madai aliyofunguliwa na Andrea Constand, mmoja wa wanawake hao, na humo akakiri kwamba aliwahi kutafuta vidonge vya kulevya ili awape wanawake aliotaka kulala nao. Miaka kumi ikapita. Wakaja waendesha mashtaka wengine, wakayachukua maneno yale yale, wakamshtaki nayo. Aprili 2018 akatiwa hatiani, akapewa miaka 3 hadi 10, akakaa karibu 3. Ndipo Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema serikali haiwezi kumfungua mtu mdomo kwa ahadi halafu ikamgeukia. Ikafuta hukumu, na ikazuia asishtakiwe tena kwa tuhuma hizo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kesho polisi wakimwambia mdogo wako "sema tu, hakuna litakalokupata," ningetaka ahadi hiyo imlinde vile vile. Kanuni ni nzuri, siipigi vita. Ila mahakama ile haikusema hakufanya. Haikusema hivyo popote. Watu walisikia "ameachiwa" wakaelewa "ni msafi", na wewe mwenyewe Salma kwenye ujumbe wako umesema "si alishinda kesi". Mtu aliyefunguliwa mlango kwa sababu ya ahadi ya mwendesha mashtaka hakushinda kesi ya alichotenda. Na ninaposema nina hasira nasema nina hasira na hilo: kwamba kanuni ya kumlinda kila mtu humfikia haraka mwenye mawakili wa kuibishania miaka, na asiye nao hukaa ndani mpaka aisahau.

Sasa ulinitajia Pistorius, yule mwanariadha wa Afrika Kusini aliyempiga risasi mpenzi wake Reeva, ukasema sheria ni msumeno, mbona pale ilikata bila makelele yetu. Kweli. Septemba 2014 jaji alisema ni kuua bila kukusudia, akapewa miaka mitano, na mwaka mmoja baadaye tayari alikuwa amehamishiwa kifungo cha nyumbani. Waendesha mashtaka wakakata rufaa, ikawa mauaji. Akapewa miaka sita, wakakata tena, ikafika miaka 13 na miezi 5 mwezi Novemba 2017. Alitoka kwa msamaha wa masharti Januari 2024, na Barry, baba yake Reeva, hakuiona siku hiyo kwa kuwa alifariki Septemba kabla yake. Nakubali kabisa, rufaa zilifanya kazi. Lakini pale palikuwa na maiti, na majirani waliosikia, na mlango uliopigwa risasi nne. Mlango ule uliletwa mahakamani, ukasimamishwa watu wakauona.

Zuhura hana mlango wa kusimamisha mahakamani.

Haya, nimefika. Jumapili ya juzi alinipigia saa nne usiku. Unamjua Zuhura, hapigi simu usiku, na akipiga huanza na kicheko. Hakucheka. Akaniambia binti yake alikuwa anaosha vyombo huku anaimba kwa sauti ya chini, na yeye amesimama mlangoni na taulo mkononi, akashindwa kuingia jikoni kwake mwenyewe. Wimbo ule ni wa yule bwana. Mwalimu wetu wa kwaya. Jina lake siliandiki, huna haja ya kuandikiwa. Siku hizi ni mtu mkubwa, nyimbo zake ziko kwenye simu ya kila mtoto, na sasa anaandaliwa sherehe ya heshima kwa "kulea vipaji". Neno hilo ndilo lililomkalisha Zuhura chini. Kulea.

Unaikumbuka ile jioni? Mimi nimekaa ngazi ya juu nakufumua nywele, wewe umekaa ya chini yake unaandika kwenye lile daftari lako, nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Zuhura akatokea mlango wa nyuma, kandambili moja mguuni, nyingine ameishika mkononi, imekatika kamba. Nakumbuka aliishika kama kitu cha mtu mwingine alichotumwa akirudishe. Alitueleza. Hakutueleza yote, ila ya kutosha. Na mimi, Salma, mimi ndiye niliyemwambia asiseme, kwa kuwa zilibaki siku tisa tukaimbe kwenye mashindano. Wewe hukusema kitu. Uliinama ukaendelea kuandika. Alipokwenda kwa mlezi wa bweni akaambiwa funika kombe mwanaharamu apite, mwalimu yule ni mtu wa heshima, vikombe vyote vilivyo ofisini kavileta yeye.

Wakati ule hakuwa maarufu popote ila kwetu. Alikuwa maarufu kwenye kijumba kimoja cha vikombe. Na ilitosha.

Ndiyo maana ile picha ya wanawake waliomtuhumu Cosby imenikaa. Utakuwa umeiona, jarida la New York la Julai 2015: wanawake 35 wameketi kwenye viti, kila mmoja anakutazama usoni, na mwishoni kuna kiti kimoja hakina mtu. Sikulia nilipowaona wale 35. Nililia nilipofika kwenye kile kitupu. Na ona jambo jingine: mmoja alikuwa amesema tangu 2005. Mmoja hakutosha. Ikabidi wawe kumi, ishirini, wapite hamsini, ndipo watu waanze kujiuliza labda yule wa kwanza hakuwa mwongo. Hesabu hiyo inaniumiza sana. Nani amesema kwamba mwanamke mmoja ni sehemu tu ya ushahidi, wa kusubiri wenzake wafike?

Narudi kwenye neno lako, kwamba hasira haijamfunga mtu. Nimelitafakari wiki tatu na nakupa nusu yake. Hasira ya kutukana jina la mtu, ile ya wiki mbili, haifungi. Lakini mtazame R. Kelly, yule mwimbaji wa Marekani. Walimshtaki 2002 kwa mkanda wa video wa ngono na msichana mdogo, kesi ikaanza kusikilizwa 2008, miaka sita baadaye, na Juni ile akaachiwa kwa mashtaka yote 14. Mkanda ulikuwepo. Aliyekosekana ni msichana mwenyewe, hakupanda kizimbani. Miaka ikapita, watu wakaendelea kucheza nyimbo, nami nikiwemo, nimeshasema. Mwaka 2017 wanawake wawili wa Atlanta wakaanza kampeni ya kudai nyimbo zake zisipigwe redioni na matamasha yake yafutwe. Jambo dogo tu, kumnyamazisha kwenye spika. Wengi waliwacheka, wakauliza wimbo umekosa nini. Lakini fikiria mwanamke aliyeko mahali fulani amekaa na siri hiyo miaka kumi na tano, kila anakopita anamsikia yule mtu akiimba na watu wakiitikia, halafu siku moja anasikia mtu asiyemjua anasema zima. Mwaka 2022 kule Chicago yule ambaye hakutokea 2008 alipanda kizimbani, ana umri wa miaka 37, wakamwita Jane kumficha, na akakiri kwamba alipoulizwa utotoni alidanganya. Kelly alikwisha kupewa miaka 30 New York mwezi Juni mwaka huo. Chicago wakampa 20, mingi yake ikienda sambamba na ile.

Hiyo ndiyo hasira ninayoitetea, Salma. Ya kumfungulia mtu mmoja nafasi ya kusema bila kuzomewa. Kufunga ni kazi ya mahakama, nami sitaki kundi la watu barabarani liifanye kazi hiyo, hata kwa yule bwana wetu. Hata kwake. Nilimwambia Zuhura hivyo akaniambia, "Mimi sitaki apigwe, nataka aulizwe." Tu. Aulizwe, ajibu, yaandikwe.

Na muda ndio unanitisha. Yule mtangazaji wa Uingereza, Savile, polisi walimhoji 2009 kwa tuhuma za udhalilishaji wa kingono, halikuendelea. Akafa Oktoba 2011 na heshima zake zote, akazikwa kama mtu wa watu. Mwaka haujatimia tangu afe, jiwe la kaburi lake likang'olewa. Polisi walikuja kuorodhesha makosa 214 katika ripoti yao ya Januari 2013. Wale waliosema waliaminiwa, sawa, ila nani angemwuliza tena swali hata moja? Jiwe likang'olewa, na yeye hayupo. Mwalimu wetu ana miaka mingapi sasa, sabini na? Kwenye picha ya sherehe ameshika fimbo.

Basi ombi langu ndilo hili. Zuhura ameonana na wakili, mama mmoja mtulivu anayeandika kila kitu kwa mkono. Alimwuliza mambo mawili: je, uko uliyemweleza wakati ule ule? Na je, kipo chochote kilichoandikwa wakati ule ule? Akamweleza kwamba anayesimulia leo mambo ya zamani atashambuliwa, ataambiwa kumbukumbu zimemchanganya, ametumwa, anataka pesa. Maandishi ya siku yenyewe ni kitu kingine. La kwanza Zuhura alitutaja sisi wawili. La pili alinyamaza, na mimi nilipopata habari nikaanza kutetemeka, kwa sababu nilikuona umeinama unaandika.

Lile daftari la jalada la bluu, lenye pembe uliyoikunja ukaibandika plasta. Ulikuwa unaandika kila siku, mpaka idadi ya maandazi uliyokula. Tafadhali litafute. Ukilipata usichane ukurasa, usiongeze neno, usisahihishe hata herufi, hata kama umeandika jambo linalonihukumu mimi. Kama umeandika kwamba nilimwambia anyamaze, acha hivyo hivyo. Nimeshamwambia wakili mwenyewe kwamba nilisema, na nimeshaandikisha maelezo yangu. Nilimwomba Zuhura msamaha kwenye simu ile ile, alikaa kimya kidogo, akasema, "Na wewe ulikuwa mtoto." Sijalala vizuri tangu aniambie hivyo.

Najua nakuomba kitu kikubwa. Najua dada yake Kassim anafanya kazi kwenye ofisi inayoandaa ile sherehe, na utaulizwa, na watasema tumesubiri mpaka mtu apewe heshima ndipo tuibuke. Wataanza na wewe kwa kuwa wewe ndiye mwenye karatasi. Nitakuja nikae nawe siku utakayoitwa, hilo usiwe na wasiwasi nalo, nimeshaomba ruhusa kazini.

Basi niambie. Daftari lipo? Lilibaki kwenye lile sanduku la marehemu bibi, au mlilihamisha mlipohama? Ulikuwa unaandika nini jioni ile, unakumbuka hata neno moja? Zuhura aliwahi kukuambia zaidi ya alichoniambia mimi? Kulikuwa na wengine, Salma? Yule Mwajuma aliyeondoka katikati ya muhula bila kuaga, nani anajua aliko? Kassim umwambie mwenyewe, au unataka nije tumwambie pamoja? Na bado umenikasirikia?

Nijibu kwa barua au kwa simu, saa yoyote, hata usiku.

Wako,
Mwanaidi