Ujasiri haukai tumboni kwa Mswahili

Kwa Mhariri,

Juzi, nikiwa ndani ya matatu kutoka Kondele kuelekea katikati ya jiji la Kisumu, nilimsikia mtangazaji wa redio akimsifu kipa aliyepangua penalti mbili kwamba kijana huyo "ana matumbo kwelikweli". Abiria mmoja akauliza kama ni ya ng'ombe au ya mbuzi, gari zima likaangua kicheko, nami nikacheka pia, ingawa nilishuka na kero ambayo naomba nafasi niieleze.

Neno lililotafsiriwa hapo ni guts, ambalo kwa Kiingereza ni utumbo na, tangu mwishoni mwa karne ya 19, ushupavu vilevile. Sidhani mtangazaji alikosa kuijua maana hiyo ya pili. Alichosahau ni kwamba kila lugha ina makao yake ya ujasiri, na kwa Mswahili tumbo ni makao ya hofu: kura zikikaribia, tunasoma kwamba wagombeaji wako tumbo joto. Jasiri wetu hupiga moyo konde, na aliyeishiwa na ujasiri huvunjika moyo au hufa moyo kabisa. Majirani zangu Wajaluo hutumia neno chuny kwa ini na pia kwa nafsi ya mtu; Kiswahili nacho kina maini yake, ila ni ya kuumia, maana maneno makali hukata maini. Kwa hiyo, ukimsikiliza kwa sikio la Kiswahili, kipa mwenye matumbo yu karibu zaidi na woga.

Kiingereza hulifanya neno hilohilo kitenzi, kwa kazi ya kutoa matumbo waifanyayo akina mama wa ufuo wa Dunga wanapotayarisha samaki kama ngege na mbuta. Hapa hatupungukiwi na chochote, kwani tunacho kitenzi tumbua, ambacho Rais John Magufuli wa Tanzania alikipa umaarufu mpya baada ya kuingia madarakani mwaka wa 2015, alipozungumzia kutumbua majipu, yaani kuwafuta kazi maafisa wazembe na wafisadi. Hata hivyo moto ukiingia sokoni, ambapo Mwingereza angetumia kitenzi chake kilekile, sisi hatusemi kwamba ulilitumbua soko. Uliliteketeza, likabaki gofu. Na Mwingereza huyo akisema timu yake ikishindwa kwamba yeye ni gutted, hajatumbuliwa na yeyote, amehuzunika tu.

Linaloniudhi kupita yote ni "hisia za utumboni", tafsiri ya gut feeling, ambazo sasa nazikuta hata katika maandishi ya watu waliobobea. Mtu anayehisi jambo kabla halijatokea husema machale yamemcheza, na hakuna atakayemuuliza amekula nini.

Naomba wahariri wako wa kurasa za michezo, ambako tafsiri za namna hii hupita kwa haraka zaidi, wamwite kipa kama yule shupavu, au waseme tu kwamba alijipa moyo. Wakumbuke pia kwamba vijana wengi siku hizi, wakisoma habari iliyoandikwa ovyo, husema mwandishi ameandika utumbo.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu