Walimu wa historia, wapelekeni watoto Tengeru

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niongee na walimu wa historia wa huku kwetu Arusha na Moshi, na wazazi wenzangu pia. Mtoto wangu yuko form four, juzi alikuwa anakariri sababu za Vita vya Pili vya Dunia, Hitler, Poland, Septemba 1939, zote anazimwaga bila kukosea. Nikamuuliza, unajua watu wa hiyo Poland wamezikwa hapo Tengeru? Akadhani namtania. Na Tengeru anapita kila siku akienda shule jamani!

Wengi wetu Tengeru tunaijua kwa soko la Jumatano na Jumamosi, mikungu ya ndizi na mitumba basi. Lakini ukishuka pale ukashika njia ya chuo cha mifugo, upande wa Ziwa Duluti, utakuta makaburi karibu 150 ya Wapolandi. Mengi yana misalaba, mengine yana nyota ya Daudi maana walikuwemo Wayahudi, na majina yale marefu yanayoishia na ski na ska.

Walifikaje? Hapa ndipo vitabu vya shule vinapita juu juu. Hitler alivamia Poland kutokea magharibi tarehe 1 Septemba 1939, hilo kila mwanafunzi analijua, ila tarehe 17 mwezi huohuo Stalin naye akaingia kutokea mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti wakaanza kusomba familia nzima nzima, wanapewa muda mfupi tu wa kufunga mizigo halafu wanapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo katikati ya baridi, wanapelekwa Siberia na Kazakhstan kukata magogo, na wengi walifia hukohuko kwa njaa na magonjwa. Juni 1941 Hitler akamgeuka Stalin, ghafla Wapolandi na Wasovieti wakawa upande mmoja, ndo wakaachiwa. Mwaka 1942 wakavushwa Bahari ya Caspian hadi Iran, wanaume wakaingia jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders, na kina mama na watoto Waingereza wakawasambaza kwenye makoloni yao. Tengeru peke yake ilipokea watu kama 5,000, ndo ilikuwa kambi kubwa kuliko zote za Wapolandi Afrika. Wakaishi kwenye nyumba za msonge zenye kuta za chokaa na paa la majani, wakawa na shule zao, kanisa, hospitali, mashamba. Yaani Mei 1944 wanajeshi wa Anders wanapigania mlima wa Monte Cassino kule Italia, wake na watoto wa baadhi yao wako hapa chini ya Mlima Meru wanasubiri barua.

Na vita ilipoisha hawakuwa na pa kurudi, kwa sababu maeneo ya mashariki walikotoka wengi wao yalishachukuliwa na Wasovieti. Wengine wakaenda Uingereza, wengine Australia, na kundi la yatima wa Tengeru likapelekwa Canada mwaka 1949. Waliokufa huku ndo hao tuliobaki nao.

Hiyo ni vita ya pili. Ya kwanza ndo kabisa ilipiganwa kwenye mashamba yetu, na wanafunzi wetu wanafundishwa kama vile yote iliishia Ufaransa. Novemba 1914 Waingereza walitokea upande wa Namanga na askari wapatao 1,500 wakawashambulia Wajerumani, waliokuwa wanaitawala nchi yetu wakati huo, pale mlima Longido, kilichowaumiza sana ni kiu, nyumbu waliobeba maji (wale machotara wa punda na farasi, sio wa porini) walikurupuka wakakimbia, jioni jeshi likarudi lilikotoka. Machi 1916 wakaja tena kwa nguvu kupitia Taveta, wakaiteka Moshi, wakapigana Kahe. Pale Kahe Wajerumani walikuwa na mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manowari yao Königsberg iliyozamishwa delta ya Rufiji mwaka 1915, hebu fikiria mzinga wa meli kutoka Rufiji hadi Kahe! Walipoona wanazidiwa wakaulipua wenyewe wakaondoka. Hata ile reli ya kutoka Voi kuja Kahe ni reli ya vita, Waingereza waliijenga kusafirishia jeshi.

Kinachoniuma zaidi ni wapagazi. Wanahistoria wanakadiria upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa wala sio risasi. Walikuwa vijana wa huku huku Afrika Mashariki na nchi za jirani, wanabebeshwa risasi na unga maporini miezi na miezi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi hadharani kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa majina popote. Mwanafunzi akisimama Tengeru akaona kila kaburi lina jina, halafu mwalimu akamweleza habari ya wapagazi palepale, atauliza maswali ambayo hakuna notisi itakayomfanya ayaulize.

Sasa kuna shule (siitaji jina) ilitutoza wazazi hela nyingi ya safari ya kimasomo, watoto wakaishia kupiga picha ufukweni. Tengeru ni nauli ya Hiace tu. Mwalimu aandike barua chuoni mapema aombe ruhusa maana makaburi yako ndani ya eneo la chuo, na watoto waende na daftari. Wa Moshi wao waanzie Kahe stesheni. Hili somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili si ndo lilikuja ili watoto waijue nchi yao?

Na wewe Mhariri nakuomba, tuma mwandishi wako Kahe na Longido akaongee na wazee, wapo ambao babu zao walichukuliwa kubeba mizigo ya vita na habari wanazo, mzichape mfululizo kwenye ukurasa wa elimu. Mimi nitanunua kila toleo nikabandike ubao wa matangazo wa shule ya mwanangu, mkuu wa shule nimeshamuomba na kakubali.

Mzazi,
Usa River