Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: tuandikieni ukutani kanuni za kutembelea wafungwa

Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Mlinzi wa Mihuri, Kinshasa,

Nakuandikia kutoka Katuba, Lubumbashi. Mdogo wangu yuko buloko, yaani gerezani. Hajahukumiwa, anangoja. Kesi yake sitaigusa hapa, ina mwanasheria wake na jaji wake. Gereza nalo silitaji jina, kwa sababu yeye bado yumo ndani na mimi bado ninapita mlangoni. Ninalotaka kukueleza ni kazi ya kujitayarisha kwenda kumuona, maana sidhani kuna mkurugenzi aliyewahi kukuletea ripoti yake.

Kazi inaanzia sokoni. Ndani wanapewa vungule, yaani mahindi na maharagi yaliyochemshwa pamoja, na mfungwa anayeitegemea hiyo peke yake unamtambua kwa shingo. Jiko la gereza ni sisi: mama zao, dada zao, wake zao. Jioni ya kuamkia siku ya kwenda napita soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kutafuta vitu vinavyovumilia. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, haivumilii: foleni ikiwa ndefu na jua likiwa kali, inachacha mikononi mwako. Samaki wa kukauka anavumilia, karanga za kukaanga pia. Unga mkavu ungemfaa kwa siku nyingi, ila humo ndani atatafuta makaa ya kuupikia, na makaa ya humo yana bei yake. Basi bukari, yaani ugali, naisonga alfajiri, naifunga kwenye plastiki, juu yake kikwembe (kitenge) kikuukuu, ili ifike na joto kidogo. Napika ya watu wanne. Nani atakula peke yake huku wenzake kumi wanamtazama mdomo? Na kapita wa chumba, yule mfungwa anayewasimamia wenzake, naye ana fungu lake, hilo halijadiliwi.

Mengine yote niliyafahamu kwa mama mmoja tuliyekaa naye kwenye foleni. Weka chakula kwenye vyombo vya plastiki, usilete chuma wala chupa. Vaa kikwembe, suruali itakurudisha nyumbani. Beba kadi ya mpiga kura. Simu iache kwenu, ama utamlipa mtu wa kuitunza. Sabuni ikate mwenyewe vipande, kwa sababu ukiileta nzima wataikata wao, kwa kisu kilekile wanachochomea bukari. (Mimi siwakatazi kukagua. Naomba tu visu viwe viwili.) Mama huyo ndiye ofisi yetu ya maelezo, Mheshimiwa. Hana kiti, hana mshahara, na siku asipokuja, wageni wanahangaika.

Halafu kuna pesa. Noti za franka 500 nazikunja mojamoja usiku: ya anayeandika jina, ya anayepekua, ya kijana anayekwenda kumuita. Hakuna anayetamka neno rushwa. Wanasema, «Mama, utuachie hata ya maji.» Wengine wao najua wana njaa kama sisi, na kutoa kwenyewe nimeshakuzoea. Kinachoniumiza ni kwamba kanuni inabadilika pamoja na askari wa zamu. Juzi karanga zilipita, leo karanga ni marufuku, mpaka noti nyingine ionekane. Dawa ya kifua iliyoandikwa na daktari ilikataliwa asubuhi ikakubaliwa mchana, karatasi ikiwa ileile. Nitajitayarishaje kwa sheria inayokaa kichwani mwa mtu?

Niliona mama aliyetoka Kasenga na samaki wake, safari nzima ya lori, akaambiwa leo si siku ya kutembelea. Aliwauliza siku gani. Kila mmoja akamtajia yake.

Najua sheria zipo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema aliyekamatwa na polisi ana haki ya kuwasiliana na familia yake mara moja, asishikwe zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya wakuu wa sheria, na kila mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na heshima yake. Juni 2023 ikatoka sheria mpya ya magereza, iliyokuja kuchukua nafasi ya ordonansi, yaani amri ya serikali, ya 1965. Kanuni za Mandela za namna ya kuwatendea wafungwa, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinasema kwenye namba 60 kwamba upekuzi wa wageni usiwadhalilishe, na upekuzi wa ndani ya mwili uepukwe, tena watoto wasifanyiwe. Mabinti wanaoingia kuwaona baba zao wangefurahi kuisoma hiyo. Lakini imelala kwenye kabati, kwa Kifaransa, wakati katiba hiyohiyo inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa.

Sikuombi jengo. Gereza la Makala, la kwenu huko Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500, na mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000. Mambo ya namna hiyo hayamalizwi na barua ya dada mmoja wa Katuba. Naomba ubao kwenye mlango wa kila gereza na kila kasho (chumba cha mahabusu) ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, upande wa nje, mahali foleni inapoanzia. Uandikwe kwa Kiswahili: siku na saa za kutembelea; kwamba kuingia hakulipiwi; vitu vinavyopita na visivyopita; karatasi inayotakiwa ili dawa ipite; kwamba mwanamke anapekuliwa na mwanamke, mahali pa faragha. Chini yake iwepo namba ya simu ya mtu wa kumlalamikia, na mtu huyo asiwe wa mlango uleule.

Wakikujibu kwamba hakuna bajeti ya rangi, usihangaike nao. Lubumbashi hatujakosa wachoraji, na pale Katuba ninao wawili ambao ndugu zao wamepitia buloko. Wamekubali kuandika bure, rangi na mbao juu yetu. Kinachokosekana ni maandishi yenye sahihi yako na muhuri. Yatume kwa mkuu wa parke, sisi tutakwenda kuyachukua.

Dada wa mahabusu,
Katuba, Lubumbashi